Shoka la Kuazima na Amplifaya ya Kanisa



Leo sijaja na ufunuo mkubwa. Nina mfereji niliouvunja, na dhamiri ambayo imenisumbua tangu Jumanne. Nimeona niandike kabla sijajitafutia sababu za kunyamaza. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo weka chai karibu.

Hapa kwenye ploti yetu kuna mama mtu mzima ambaye sisi wote, wakubwa kwa watoto, tunamwita Shosho. Mfereji wake wa jikoni ulikuwa unadondoka mwezi mzima. Jumanne asubuhi akanikuta nikitoka, akaniambia, "Pasta, wewe si uko na spana? Hebu niangalilie hii kitu, bili ya maji itaniua." Ningekataaje? Nikarudi ndani nikachukua spana, nikaenda nikipiga mluzi.

Nilijua la kufanya, ama nilidhani najua. Mfereji wa aina ile ukidondoka, mara nyingi shida ni ile washa ndogo ya mpira iliyo ndani, imelika. Unafunga maji, unafungua kichwa cha mfereji, unatoa washa ya zamani, unaweka mpya, unarudisha. Ni kazi ya dakika kumi na washa yenyewe ni bei ya maandazi mawili. Basi nikafunga koki iliyo kwenye mita. Haikufunga vizuri kwa sababu ilikuwa imekaa miaka bila kuguswa, maji yakaendelea kuja kidogo kidogo. Nikasema yatosha. Kichwa cha mfereji kikakataa kufunguka. Nikachukua spana kubwa zaidi, nikavuta kwa nguvu zote ambazo Mungu amenipa.

Fundi yeyote anayesoma hapa ameshaanza kutikisa kichwa. Sikushikilia mwili wa mfereji kwa spana ya pili. Kwa hivyo ile nguvu haikukaa kwenye kichwa. Ilirudi nyuma, ikaingia ukutani, hadi kwenye elbo ya plastiki ambayo mfereji umefungiwa. Nikasikia "tak!" Sauti ndogo tu. Halafu ukuta ukaanza kutoa maji.

Sitakueleza yote. Nyumba sita zilikaa bila maji hadi saa moja jioni. Fundi alipasua taili tatu kufikia ile elbo. Gharama yote, vifaa na kazi, ilikuwa shilingi 4,300. Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Lililoninyima usingizi ni sentensi ya kwanza iliyotoka kinywani mwangu, mimi mhubiri, suruali ikichuruzika maji mbele ya yule mama: "Shosho, hii bomba ilikuwa imeoza tayari."

Haikuwa imeoza. Nilikiona kile kipande baadaye, kilikuwa kizima kabisa isipokuwa pale nilipokipasua. Shosho aliniangalia, akasema tu, "Haya, Pasta." Akaenda kutafuta ndoo.

Mpendwa, nataka tuzungumze juu ya hiyo sentensi ya kwanza. Umevunja glasi ya watu. Umetoboa ukuta kwa drili ukapiga waya wa stima. Umefungua simu ya dada yako ubadilishe kioo, ukakata ule utepe mwembamba wa ndani, sasa haiwaki kabisa. Umeazima wilbaro ya jirani, gurudumu likapasuka. Katika sekunde tano zinazofuata unasema nini? Ninaamini kwamba sekunde hizo tano zinatuonyesha hali ya moyo wa mtu kuliko saa nzima ya maombi ya sauti kubwa. Ninajua wengine wenu mtanipinga hapo. Pingeni, lakini kwanza someni 2 Wafalme 6, ule mstari wa kwanza hadi wa saba.

Ile habari tumeihubiri sana kwa sababu ya muujiza wa chuma kuelea. Mimi mwenyewe nimeihubiri hivyo. Lakini iangalie kama mtu wa mjengo. Wana wa manabii wameona mahali wanapoishi pamekuwa padogo, wanataka kujenga pakubwa. Wanamwomba Elisha ruhusa, wanamwomba pia aende nao. Wanashuka Yordani kukata miti, kila mtu boriti yake. Ni kazi halali, tena ya huduma. Hakuna mlevi pale, hakuna mvivu. Na katikati ya kazi hiyo njema, mmoja anakata mti, kichwa cha shoka kinachomoka kwenye mpini, kinaangukia majini.

Kumbe vitu huvunjika hata mikononi mwa watu wa Mungu, wakiwa katika kazi ya Mungu, mtumishi wa Mungu akiwa amesimama pale pale.

Sasa sikiliza alichofanya yule kijana. Hakusema mpini ulikuwa mbovu. Hakusema aliyemwazima alimpa shoka bovu. Wala hakusema adui amepigana na ujenzi. Alilia kwa bwana wake, na katika kilio hicho hicho akataja jambo ambalo mimi na wewe tungelificha hadi mwisho: kwamba shoka lenyewe lilikuwa la kuazima. Alimkumbuka mwenye shoka kabla hajajikumbuka mwenyewe. Chuma siku zile hakikuwa kitu cha kwenda kununua dukani kwa rafu. Lile lilikuwa deni, na mwanafunzi wa manabii hakuwa mtu wa pesa.

Na Elisha? Hapa mimi huona haya. Elisha aliuliza swali moja tu: kilianguka wapi? Hakuuliza kwa nini hukukaza mpini kabla ya kuanza. Hakumwita mbele ya wenzake awe mfano. Aliuliza mahali, akaonyeshwa mahali, akakata kijiti akakitupa pale, chuma kikaelea. Halafu akamwambia kijana akiokote mwenyewe. Mkono ule ule uliopoteza ndio ulionyooshwa kuchukua.

Nakuomba ukumbuke hilo swali la Elisha, kwa maana sasa nitakueleza nilichofanya mimi nilipokuwa katika nafasi yake.

Miaka miwili iliyopita kanisa letu lilikuwa na amplifaya moja ya zamani. Wale mliokuwepo mnaikumbuka, ilikuwa nzito kama gunia la simiti. Asubuhi moja ya Jumapili spika ya upande wa kushoto ikawa haitoi sauti. Kulikuwa na kijana wetu kwenye mitambo, mtaratibu, wa maneno machache. (Nimempigia simu nikamwomba ruhusa ya kuandika haya. Amekubali, mradi nisitaje jina.) Nikamwambia aitengeneze haraka. Akaniambia wazi, "Pasta, hizi waya sijawahi kuzishughulikia." Nikamjibu kwa sauti ya imani, "Bwana atakuwezesha, ibada ni saa tatu."

Akakata waya uliochakaa, akamenya, akafunga upya nyuma ya spika. Alifanya vizuri kwa mtu ambaye hajafundishwa. Lakini uzi mmoja mwembamba wa upande mwekundu ulibaki nje, ukagusa mweusi. Wanaojua mitambo wanajua maana yake. Ni njia fupi ya umeme, na amplifaya isiyo na kinga ikiwashwa hivyo inaunguza zile transista zake za kutolea nguvu. Tuliiwasha. Kwaya ilipoanza na sauti kupanda, tukasikia harufu, halafu kimya.

Nilichukua nafasi ya mahubiri bila maikrofoni. Na jambo la kwanza nililosema, mbele ya watu wote, ni kwamba kuna watu wanaogusa vitu vya madhabahu bila kuwa tayari kiroho. Watu wakasema amina. Mimi pia nilijisikia nimesema neno zito.

Yule kijana alikuwa amesimama karibu na mlango. Alitoka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Nilisema moyoni, ameshindwa na marekebisho. Spea tulizipata Luthuli Avenue, Nairobi, tukalipa 11,500 pamoja na ya fundi, na maisha yakaendelea. Ninyi mkaniuliza kijana wa mitambo yuko wapi, nikawaambia tumwombee.

Tumwombee!

Basi Jumanne usiku, nguo zimekauka, nimelala macho wazi, nikajiuliza: mbona mimi nilipovunja mfereji wa Shosho bomba lilikuwa limeoza, na yeye alipounguza amplifaya roho yake ndiyo iliyokuwa imeoza? Mkono wangu ukikosea ni vifaa vibovu. Mkono wa kijana ukikosea ni dhambi. Hiyo mizani ni ya wapi, wapendwa?

Nikainuka nikafungua Torati. Nikakuta kwamba Mungu ameliwaza jambo la vitu kuvunjika kwa makini kuliko sisi. Nenda Kutoka 22, mstari wa 14 na 15. Mtu akiazima mnyama wa jirani yake, naye akaumia au akafa, na mwenyewe hakuwapo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwapo, hatalipa. Na kama alikodiwa, basi hasara imo ndani ya ile kodi. Angalia jinsi ilivyo wazi. Swali siyo nani mtakatifu. Swali ni mwenye mali alikuwa wapi. Alikuwa anaona? Angeweza kusema simama?

Sasa weka amplifaya hapo. Mwenye mali ni kanisa, na mimi ndiye niliyesimama kwa niaba ya kanisa. Nilikuwa hapo hapo, hatua mbili, nikiangalia saa. Alinionya kwamba hajui, nikamsukuma. Kwa sheria ya Musa yule kijana hakuwa na deni la hata shilingi moja. Na kwa sheria hiyo hiyo mimi kwa Shosho... hapo mambo si rahisi, maana Shosho alikuwepo jikoni akinitazama, na ndiye aliyeniita. Lakini yeye hakujua chochote juu ya spana ya pili. Mimi ndiye niliyejifanya fundi. Nimelipa zile 4,300 zote. Sitaki kutumia mstari wa Biblia kukwepa bili ya bomba.

Kuna kingine nilikikuta nyuma kidogo, Kutoka 21, mstari wa 35 na 36. Ng'ombe wa mtu akimuua ng'ombe wa jirani, yule aliye hai anauzwa, wanagawana bei, na yule aliyekufa pia wanamgawana. Yaani hasara ya ajali wanaibeba wote wawili, nusu kwa nusu. Lakini kama ilijulikana tangu zamani kwamba ng'ombe huyo ni mpigaji na mwenyewe hakumzuia, analipa yote peke yake, ng'ombe kwa ng'ombe.

Hii inajibu wale watakaoniandikia, "Pasta, ukiwahurumia hivyo watu watakuwa wazembe." Hapana. Neno limetofautisha. Mara ya kwanza ni ajali, tukae chini tugawane. Ukishajua kwamba mkono wako una tabia fulani, ukaonywa, ukaendelea, basi hilo ni lako. Jumanne nimejua kwamba mfereji mgumu unataka spana mbili, moja ya kushikilia na moja ya kufungua. Nikivunja mwingine kwa njia ile ile, msiniite mtu aliyepata ajali. Niiteni ng'ombe mpigaji.

Mtu mwingine ataniletea Musa na mbao za mawe. Kila mara nikizungumzia kuvunja vitu, kuna ndugu anasema hata Musa alivunja. Ndugu yangu, Musa alizitupa kwa hasira, ile haikuwa ajali. Na alipotumwa kuleta nyingine, Kutoka 34, aliambiwa azichonge yeye mwenyewe, ingawa zile za kwanza zilikuwa kazi ya Mungu. Kwa hivyo wewe uliyerusha rimoti ukutani juu ya matokeo ya mpira, nenda ukanunue rimoti.

Sasa wacha niguse mahali ambapo patauma. Naomba mniruhusu, kwa maana nimeanza na kidonda changu.

Kanisani kwetu tuna ugonjwa wa kumpa shetani kazi ambazo hakufanya. Gari limekwama kwa sababu hatukubadilisha oili, tunakemea. Kiti cha plastiki kimevunjika kwa sababu watu wawili walikikalia, tunafunga na kufungua. Ninaamini adui yupo, nimepigana naye, na wengi wenu mnajua ushuhuda wangu. Lakini kila tunapomtupia jambo ambalo ni letu, watu wawili wanaumia. Wa kwanza ni mwenye mali, ambaye hatalipwa, maana utamdai shetani wapi? Wa pili ni yule aliyevunja, ambaye hatajifunza kushika spana. Mimi sikuhitaji kukombolewa Jumanne. Nilihitaji kufundishwa mfereji.

Na kuna ugonjwa wa pili, uko majumbani mwetu. Ni mambo ya dada wa kazi. Anaamka saa kumi na moja, anaosha vyombo vya watu saba, siku moja thamosi inateleza. Mwisho wa mwezi anakatwa mshahara. Wengine mnakata mara mbili ya bei ya thamosi ili "ajifunze". Na Jumapili tunakaa safu moja tukiinua mikono.

Mama, baba, hujui kwamba hata sheria ya nchi hairuhusu hivyo? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inampa mwajiri nafasi ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la mfanyakazi la kukusudia. La kukusudia! Thamosi iliyoteleza kwenye povu haikukusudiwa. Hiyo ni sheria ya Bunge, haikuandikwa na wachungaji, na bado imekuwa na huruma kuliko jikoni nyingi za watu waliookoka. Wewe mwenyewe mwaka huu umevunja vitu vingapi? Nani alikukata?

Na matokeo yake unayajua, hata kama hujayaunganisha. Dada ambaye anajua atakatwa hataleta vipande vya sahani mbele yako. Atavificha chini kabisa kwenye pipa, na siku moja mtoto atavikuta. Mtoto anayejua atachapwa hatakuambia kwamba amepiga msumari ukutani akagusa kitu kikatoa cheche. Utakaa na waya uliojeruhiwa ndani ya ukuta mwaka mzima. Hofu haifanyi mikono iwe makini, inaifanya itetemeke, halafu inafundisha mdomo kudanganya. Mimi ni mtu mzima, mchungaji, na kwa hofu ya aibu tu nilimdanganya mwanamke mzee kuhusu bomba.

Katika Kumbukumbu la Torati 19 kuna mtu mwingine wa shoka. Anaenda msituni na mwenzake kukata miti, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampiga mwenzake, anakufa. Hapo tumetoka kwenye thamosi, hapo ni uhai. Hata yeye, Mungu alimwekea mji wa kukimbilia, na akaagiza njia ya kufika huko itengenezwe. Fikiria hilo. Hakuambiwa kwamba hakuna kilichotokea. Mtu amekufa, naye atahama nyumbani kwake. Lakini hakuachwa barabarani bila mahali pa kwenda. Nimejiuliza wiki hii kama kanisa letu lina njia kama hiyo iliyotengenezwa, ama mtu akikosea tunaondoa hata mawe ya kuvukia.

Jumatano asubuhi nilirudi kwa Shosho. Nilimwambia, "Shosho, ile bomba haikuwa imeoza. Ni mimi niliivunja, halafu nikakudanganya." Alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, "Nilijua, Pasta. Mzee wangu alikuwa fundi wa maji miaka thelathini." Akaendelea kuchambua. Baadaye akanipa chai.

Kwa yule kijana ilikuwa ngumu zaidi. Ana kibanda sasa, anatengeneza simu na redio. Nilimkuta ameinamia simu ya mtu, na kabla ya kunisalimia alimaliza alichokuwa anafanya: alichomoa kwanza ile soketi ndogo ya betri, ndipo akagusa vitu vingine. Nikamuuliza kwa nini anaanza na hapo. Akasema ukiacha betri ikiwa imeunganishwa, bisibisi ikiteleza kidogo tu unaunguza bodi. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hiyo nilijifunza kwa amplifaya."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakaniisha. Akanisikiliza. Akaniambia kitu ambacho sikukijua: kwamba baada ya ile Jumapili alianza kuweka pesa kwenye mkebe ili alipe kanisa. Alikuwa amefika 2,400 alipoona hawezi kurudi, akazitumia kununua bisibisi zake za kwanza. Akaniuliza kama anadaiwa bado.

Mpendwa, nimehubiri miaka mingi, sijawahi kuulizwa swali lililonikata hivyo.

Nilimwambia hadaiwi kitu, tena kanisa ndilo linalodaiwa naye. Hajarudi kwetu. Anasali kwingine, huko wamempa mixa aiendeshe, na nilipopita nje Jumapili jioni nikasikia sauti yao iko safi kuliko yetu. Nilifurahi na nikaumia pamoja. Jumapili hii inayokuja, kwenye ile ile madhabahu, nitasema mbele yenu nilichopaswa kusema wakati ule. Wale mliosema amina siku ile, naomba mje.

Machache ya vitendo, maana najua wengi wenu mnatengeneza vitu nyumbani mwezi huu ambapo hela ni ngumu na fundi ni ghali. Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu yako jinsi kilivyokaa, utanishukuru wakati wa kurudisha. Funga maji na ujaribu mfereji mwingine kuhakikisha yamefungwa kweli, si kama mimi. Usitoboe ukuta juu kabisa ya soketi ama swichi, kwa maana waya mara nyingi hupanda ama kushuka wima kutoka hapo. Zima umeme kwenye meini swichi. Bisibisi iwe saizi ya msumari wa parafujo, ukilazimisha ndogo utakula kichwa chake na hutakitoa tena. Plastiki usikaze kama chuma. Na ukisikia kitu kinakataa, simama, usiongeze spana kubwa. Kukataa kwake kuna maana, kitafute.

Na kwa vitu vya kuazima, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo. Siyo ukiwa umepata pesa. Siku hiyo hiyo, hata kama mfukoni huna kitu. Yule kijana wa Yordani alisema wakati shoka bado liko chini ya maji, akiwa hana njia yoyote ya kulitoa.

Tumeweka daftari kwenye stoo ya kanisa. Nyundo, ngazi, drili, waya wa kuvutia umeme, kila kinachotoka kitaandikwa, na kuna safu ya mwisho ya kuandika kilichoharibika na mahali kilipoharibikia. Hakuna safu ya kuuliza kwa nini. Jina la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza ni langu: ngazi, kigingi cha tatu, nilikikanyaga vibaya mwezi wa pili na sikumwambia mtu. Mwenye kitu cha kanisa nyumbani kwake ambacho kimevunjika, naye amekuwa akituhepa kwa sababu hiyo, alete kikiwa vile vile kilivyo. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa tunatengeneza madawati ya Sunday School, na kuna fundi wa kweli atakuwepo. Wewe uliye mbali niandikie hapa chini, ama ukiona ni jambo la siri, nipigie.

Shosho ameniambia leo kwamba mfereji wa bafuni nao umeanza kudondoka. Nimemwambia nitakuja na fundi, na mimi nitashika tochi. Amecheka sana. Akasema, "Afadhali, Pasta."